Sanduku lisilo na asidi kwa nyaraka za enzi ya misheni Thogoto: zuri, ila si kwa kila karatasi

Dk. John Arthur alifika Thogoto, eneo la Kikuyu nchini Kenya, mwaka 1907 akiwa daktari wa misheni ya Kanisa la Scotland, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1915, na aliiongoza misheni hiyo hadi 1937. Nyaraka zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Lakini barua ina mwandishi na mpokeaji, na upande wa wapokeaji ni vyeti vya ubatizo, madaftari ya shule na barua za wazee wa kanisa, vitu ambavyo mara nyingi hulala kwenye bahasha za kaki. Hizo ndizo zinazohitaji sanduku hili: la kadibodi ya kijivu, kingo za chuma, kifuniko cha kufungukia mbele, takriban sm 31 kwa 26, kina sm 13.

Kwa barua na vyeti, hakuna cha kulishinda. Ila usinunue kwa kusoma "halina asidi" tu. Kadibodi yaweza kutoka kiwandani bila asidi, kisha lignini (kitu cha asili kitokacho kwenye mbao) iliyomo ikazalisha asidi kadiri inavyozeeka. Lebo iseme pia kwamba haina lignini na kwamba imetiwa kalsiamu kaboneti, alkali inayozimua asidi, kwa kawaida kama asilimia 3. Kalamu ya kupima pH, yaani kiwango cha asidi, husaidia: chora mstari mfupi ndani ya kifuniko. Ukigeuka zambarau, sawa. Ukibaki njano, lirudishe. Kalamu hiyo haigundui lignini, kwa hiyo lebo bado ni muhimu.

Masanduku hufika yakiwa bapa. Kunja kila mkunjo mara moja tu, maana ukikunja na kukunjua, tabaka la nje hupasuka na pembe hulegea. Kabla ya kupanga, ondoa pini na klipu zenye kutu: penyeza kipande chembamba cha plastiki ya poliesta kati ya chuma na karatasi, kisha inua chuma taratibu. Ukivuta kwa kucha, karatasi inatoka na kutu. Sanduku likijaa kupita kiasi, kingo huchanika kila unapochomoa jalada. Likiwa nusu tupu, barua hujipinda na kulala chini. Jaza pengo kwa kadibodi ya aina ileile.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuweka humu michoro ya majengo, ile yenye mistari myeupe juu ya buluu. Rangi hiyo haivumilii alkali. Kalsiamu inayolinda barua ndiyo inayofifisha buluu, na haitarudi kama ilivyokuwa. Michoro hiyo iwe kwenye jalada lisilotiwa kalsiamu, ndani ya sanduku lake. Negativu za kioo, yaani picha za kale zilizopigwa juu ya vioo, nazo zisiingie humu: ni nzito, kitako hulegea, na kioo kilicholazwa chini ya vingine hupasuka. Zisimamishwe kwa ubavu mrefu, kila moja ndani ya karatasi yake, kwenye sanduku dogo na imara.

Barua za wino wa zamani uliogeuka kahawia zinataka ukavu kuliko kitu chochote, kwa sababu unyevu huamsha asidi na chuma vilivyomo kwenye wino hadi herufi zinatoboa karatasi. Kikuyu ni nyanda za juu. Baridi na ukungu wa Julai vinatosha kufanya madhara. Lenga unyevu wa hewa chini ya asilimia 50. Weka rafu ya chuma, sm 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Usifunge sanduku ndani ya mfuko wa plastiki, kwani unyevu utanaswa humo. Na mchwa hawazuiliwi na kadibodi. Kwao ni chakula.

Katika kupanga, usichague barua za kumsifu Arthur peke yake. Mgogoro wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929 uligawanya makanisa na shule, na Arthur alikuwa katikati yake. Barua ya aliyeondoka kanisani ina thamani sawa na ya aliyebaki. Acha kila fungu katika mpangilio uliokutwa nao, hata kama unaonekana ovyo. Mara nyingi ndio unaoonyesha nani alimjibu nani. Andika namba ya jalada kwa penseli ya 2B, pembeni, kabla ya karatasi kuingia ndani. Ukiandika karatasi ikiwa tayari ndani, alama ya penseli hujichora juu ya barua.