Futi ya chuma ya kupimia kipenyo: miezi 14 nayo msituni Amani

Kabla sijaisifia hii, niseme kwanza habari ya ile niliyokuwa nayo, maana ndiyo iliyonifanya nitoe shilingi 85,000 mfukoni mwangu bila kusubiri hela ya mradi.

Kazi yangu ni kupima miti. Narudi kwenye ploti zilezile, kwa miti ileile, huku Usambara Mashariki, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kila mti una kibati cha namba na mstari wa rangi mita 1.3 kutoka ardhini, na hapo ndipo futi inapozungushwa. Safari moja tulikwenda na futi ya kamba tuliyoinunua mjini, duka sitalitaja. Jioni nimekaa na daftari mbili, la zamani na jipya, nikaona karibu robo ya miti imepungua unene. Nikampigia simu mzee tunayefanya naye kazi, ambaye anaijua miti yote ya huku kwa majina ya Kisambaa. Akanijibu: "Mwanangu, mti si ng'ombe wa kiangazi. Haukondi hivyo."

Kweli, kiangazi shina hunywea kidogo, na gome likibanduka namba inashuka. Lakini si robo ya ploti. Kesho yake niliitandaza ile kamba barazani, sambamba na futi ya fundi seremala. Palipoandikwa mita 2, fundi alisoma mita 2 na sentimita 2. Kamba ilikuwa imevutika.

Asiyefanya kazi hii atasema asilimia 1 ni nini. Mti wa kipenyo cha sentimita 60 unasomeka 59.4. Zimepotea milimita 6, na miti mingi ya kivulini huku haifikishi hizo kwa mwaka mzima. Kisha eneo la shina linahesabiwa kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo kosa linakuwa karibu asilimia 2, na kwenye hesabu ya kaboni iliyomo ndani ya mti linazidi hapo. Siku nne za watu watano, mvua na ruba, tulizirudia zote.

Hii ya sasa ni ya chuma, ndefu mita 5, imepakwa rangi nyeupe yenye namba nyeusi. Upande mmoja ni sentimita za kawaida, upande wa pili ni kipenyo: kila sentimita 3.14 za mzunguko zimeandikwa 1, kwa hiyo ukizungusha unasoma kipenyo moja kwa moja, hadi kama sentimita 159. Nimeilinganisha na ya fundi mara tatu tangu niinunue. Haijasogea.

Ninachokipenda zaidi ni ndoano ya mwanzoni. Inauma gome na kukaa, hata ukiwa peke yako unazunguka mti mkubwa kwenye mteremko. Kwa mti wa mnyasa ni msaada hasa. Mizizi yake ya ubavuni hupanda juu kuliko kichwa cha mtu, na hapo ile mita 1.3 haina maana. Unapanda ngazi, unapima juu ya mizizi inapoishia, unaandika ulipima urefu gani. Ukiwa ngazini mkono mmoja umeshika mti, na ndoano inakuwa mkono wa pili. Tena kwa kuwa futi ni nyembamba inapita chini ya mitambaazi bila kuikata. Naomba wapimaji wenzangu tuache kukata mitambaazi ili kazi iende haraka. Nayo ni sehemu ya msitu tuliokuja kuupima.

Kasoro zipo. Sifuri haianzii kwenye ndoano, inaanzia mbele yake kidogo, na mgeni atasoma vibaya siku nzima asijue. Mwonyeshe kwanza kwenye mti mmoja. Kingo zake zinakata vidole zikilowa. Utomvu wa mkuyu unaganda juu ya namba, nausugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Ukiikunja ikiwa mbichi itashika kutu karibu na ndoano, kama yangu ilivyoanza mwezi wa tano. Sasa kila jioni naifuta na kuipitishia tone la mafuta ya cherehani. Kitasa cha kukunjia kinajaa tope, hicho nimekizoea.

Bei ni kubwa kwa kijana aliyetoka chuoni, najua. Changeni wawili.

Wiki iliyopita tulifika kwenye msambu namba 117. Ni mti wa milima hii yetu, ambao wanakijiji huokota mbegu zake zikakamuliwe mafuta. Mwaka jana, kwa futi hiihii, ulisoma 48.6. Safari hii 48.9. Mzee akasema rudia. Nikaifungua, nikafuta gome kwa kiganja, nikaizungusha tena juu ya mstari wa rangi, yeye akiangalia upande wa nyuma isije ikalala. 48.9.

"Andika," akasema.