Tathmini ya huduma: kupogoa mwembe ulioegemea nyaya za umeme, Nyegezi, Mwanza

Mwembe ulioko uani kwangu niliurithi pamoja na nyumba, na aliyeupanda hakukosea, kwa kuwa wakati huo nguzo za umeme hazikuwa zimefika mtaani kwetu. Leo waya unaotoka nguzoni kuja kwenye mita yangu unapita ubavuni mwa mti huo, na upande wa barabarani, juu zaidi, zimepita nyaya tatu za kilovolti 11. Upepo wa ziwani ulipovuma, taa za sebuleni zilikuwa zikififia na kurudi, na usiku mmoja wa mvua za Machi tuliona cheche katikati ya majani. Ndipo nilipowatafuta watu wa kuupogoa, na niliowapata ni kikundi cha vijana wanne wa hapahapa Nyegezi.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemlipa fundi mwingine, aliyekuja na panga na ngazi ya alumini, akaukata kilele chote kwa muda usiozidi saa moja. Siku ile niliridhika, kwa sababu sikujua kwamba mti ulionyang'anywa kilele hupoteza majani yanayoulisha, nao hujibu kwa kutoa machipukizi mengi yanayokua kwa kasi. Machipukizi hayo hushikwa na tabaka la nje tu la tawi, hivyo yanaponenepa hunyofoka kwa upepo mdogo. Haikuchukua muda yakaufikia waya tena, safari hii yakiwa mengi na dhaifu kuliko matawi yaliyokatwa.

Vijana hawa hawakutaja bei kwanza. Waliuzunguka mti mara mbili wakitazama juu, kisha kiongozi wao akaniambia, "Mama, upande wa barabarani hatuugusi. Ule ni umeme mkubwa, wenye ruhusa ni watu wa shirika. Sisi tutafanya upande wa nyumba, na hata huo ni mpaka umeme uzimwe." Kwangu mimi, maneno hayo peke yake yalitosha kuwapa kazi. Watu wengi mitaani huamini kwamba hatari ni kuushika waya kwa mkono, ilhali tawi bichi lina maji na hupitisha umeme, na katika msongo mkubwa umeme unaweza kuruka hewani kabla hata tawi halijagusa. Nchini Marekani, kanuni za usalama kazini humtaka asiye fundi wa umeme akae umbali wa angalau futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kwenye nyaya za hadi kilovolti 50. Tawi la barabarani lilikuwa karibu zaidi ya hapo.

Walinisaidia kuandika ombi la kuzimiwa umeme, na siku ya kazi mafundi wa shirika walifika, wakazima, wakapunguza wenyewe matawi ya barabarani. Kiongozi wa vijana hakupandisha mtu mpaka alipothibitishiwa kwa mdomo kwamba waya wa nyumbani hauna umeme.

Ukataji wenyewe ndio ulionifurahisha zaidi. Kila tawi zito walilikata mara tatu: kwanza walilitia msumeno kwa chini, mbali kidogo na shina, kisha wakalikata kwa juu mbele ya pale ili lisidondoke na kuchuna gome, na mwisho wakaondoa kisiki kilichobaki, wakiacha ule uvimbe unaozunguka mahali tawi linapotokea shinani. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu, bali huizungushia ukuta sehemu iliyojeruhiwa, na uvimbe huo ni sehemu ya ulinzi wake. Anayeusawazisha na shina huufungulia uozo mlango. Hawakupaka rangi wala oili chafu kwenye kidonda, nao walifanya vyema. Matawi yaliyoelekea juu ya bati waliyafunga kamba na kuyashusha polepole.

Waliacha pia nafasi pana chini ya waya, kwa maelezo kwamba waya hulegea wakati wa joto. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa: tarehe 14 Agosti 2003, nyaya kubwa zilizolegea katika jimbo la Ohio ziligusa miti ambayo haikuwa imepogolewa ipasavyo, na hitilafu zilizofuatana zikawaacha gizani watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada.

Kasoro zipo. Walichelewa saa mbili, na mmoja wao alipanda bila kofia ngumu, jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Bei ya shilingi 180,000 haikujumuisha kuondoa taka, na majani waliyarundika kando ya mtaro. Kwenye miteremko yetu mvua moja tu ingeyasukuma yote mtaroni na kuyatelemsha kuelekea ziwani, kwa hiyo nililipa shilingi 30,000 nyingine kwa mwenye mkokoteni. Atakayewaita aulize habari ya taka mapema.

Tangu siku hiyo taa hazijafifia, na mwembe umebaki na umbo lake. Kabla ya kuondoka, kiongozi aliuona mche wa mgrevilea nilioupanda mwaka jana chini ya nyaya za barabarani, akanisihi niuhamishe ungali mdogo na mahali pake nipande mkomamanga au mpera. Nimeuhamishia nyuma ya nyumba, mahali pasipo na waya, na vijana hao nimekwisha kuwaita tena waje Septemba, kabla ya mvua za vuli.