Kung'oa gego la mwisho hapa Tanga na yaliyonikuta baadae: uzoefu wangu

Habari zenu wapendwa, hii ni kuhusu kliniki moja ya meno upande wa Ngamiani, jina naliacha. Niling'olewa gego la mwisho la chini, lilishatoboka hata maji ya baridi siyawezi. Kung'oa kwenyewe sina neno, walinipiga eksrei kwanza, ganzi ikashika vizuri, nikapewa gozi, kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda, ning'ate kama nusu saa hivi nikapanda bajaji nikarudi zangu Makorora.

Kilichonifanya niandike ni ya baada. Mwanzoni nafuu kabisa, nakunywa uji wa vuguvugu nikajua yameisha. Alafu usiku yakaanza, jamani, maumivu yanapanda mpaka sikioni, dawa ya maumivu unameza ni kama hujameza kitu, na mdomoni harufu mbaya. Nikajimulika na tochi ya simu kwenye kioo, pale shimoni lile donge jeusi la damu halipo, naona weupe tu, kumbe mfupa. Nikapiga simu kliniki, haikupokelewa mpaka kunakucha, na hapo ndo nimewakata nyota, mtu aliyeng'olewa jino anahitaji namba inayopokelewa usiku. Duka la dawa la jirani nao wakataka kuniuzia amoksilini hata mdomo hawajauangalia.

Nilivyofika asubuhi hawakunitoza tena hela ya kumuona daktari. Akaangalia tu akasema ni drai soketi, akanielewesha taratibu, yani ukishang'olewa damu inaganda kwenye shimo na lile donge ndo linafunika mfupa na neva, likitoka mapema mfupa unabaki wazi. Mara nyingi inaanza siku ya 2 mpaka ya 4, inapenda sana magego ya chini, inawapata zaidi wavuta sigara na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mi sigara sivuti ila vidonge natumia, na kwenye fomu yao hakuna swali hilo!

Akasafisha shimo kwa maji ya chumvi na bomba la sindano, mabaki ya chakula yakatoka, akapachika kipande cha gozi chenye dawa, harufu karafuu tupu, na kweli ina mafuta ya karafuu ndani. Sijashuka kwenye kiti maumivu yakaanza kulegea, nilitaka kulia kwa furaha. Antibayotiki hakunipa kabisa, akasema hapa hamna usaha wala uvimbe, kinachotakiwa ni kusafisha, kufunika na dawa ya maumivu, nikawa narudi wananibadilishia mpaka ikatulia.

Nampa sifa zote nesi mmoja mtu mzima, alinikalisha pembeni. "Mwanangu, hii inatesa ila inapona. Ukiona shavu limevimba linashuka chini ya taya kwenda shingoni, mdomo haufunguki, kumeza mate shida, homa juu, usitusubiri sisi, nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo." Na damu je, akasema mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza ni kawaida, ila ikichuruzika kaa wima ung'ate gozi safi kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia chungulia, isipokata nenda hospitali. Masaa 24 ya kwanza usisukutue wala kutema kwa nguvu, baada ya hapo ndo maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mrija usiuguse, hata dafu mimina kwenye glasi. Haya yote siku ya kung'olewa niliambiwa harakaharaka nina ganzi mpaka ulimini, nani atashika?

Nyota 4 kati ya 5, na kama naenda kung'oa tena narudi hapohapo. Wakikuwekea miadi waombe maelekezo kwa maandishi kabla ya sindano, na uwaambie mwenyewe kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au una sukari, msisubiri kuulizwa.