Vitufe 64 na ngoma tatu: uzoefu wangu na Launchpad Mini

Mjomba wangu wa Khayega ndiye aliyeigundua kasoro niliyokuwa nimekaa nayo wiki tatu bila kujua niiite nini. Nilimchezea mdundo niliotengeneza kwa sauti za ngoma zake mwenyewe, isukuti zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nilizozirekodi kwa simu nilipokwenda nyumbani Disemba. Akasikiliza kichwa ameinamisha, halafu akaniuliza, "Huyu anapiga ngoma au anabisha hodi?"

Naishi Kondele, Kisumu. Natengeneza midundo usiku nikitoka kazini, kwenye laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, na kwa miaka miwili kila pigo nililichora kwa kipanya. Unaweza kutengeneza wimbo mzima hivyo, lakini ni kama kula ugali kwa uma. Nilitaka kitu cha kugusa: kontrola, yaani ubao wa vitufe unaouchomeka kwenye laptopu kuendesha programu ya muziki. Sitajifanya nilifanya utafiti mkubwa: nilivutiwa na taa za Launchpad. Vitufe 64, safu 8 kwa 8, kila kimoja na rangi yake. Mtindo huo ulitangulizwa na kampuni ya Monome ya Marekani mwaka 2006, kisha kampuni ya Novation ya Uingereza ikatoa Launchpad ya kwanza 2009, na tangu hapo kila kijana wa midundo anaitamani. Mimi nilipata Launchpad Mini MK3, iliyokwisha kutumika, kwa shilingi 11,000.

Mama mwenye nyumba alipoiona mezani aliuliza hili ni bao gani lisilo na kete. Swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu kama bao, chombo hiki chenyewe hakina sauti. Hakina spika wala tundu la earphone. Ukibonyeza kitufe kinapeleka ujumbe tu kwa laptopu, na laptopu ndiyo inayolia. Kama huna programu ya muziki, umenunua taa za Krismasi.

Na hapo kwenye programu ndipo nilipopigwa. Kontrola hizi zikiwa mpya huja na haki ya kupakua bure Ableton Live Lite, programu ya kutengenezea muziki. Aliyeniuzia alikuwa ameshaisajili kwa jina lake zamani, na hakusema. Ukinunua ya mkono wa pili, uliza jambo hilo kabla ya kutoa pesa, na umwombe muuzaji aichomeke kwenye laptopu uione ikifanya kazi. Mimi nilipewa pia waya wa kuchajia simu, ule usiopitisha data. Taa ziliwaka, laptopu haikuona kitu, nikashinda Jumamosi nzima nikilaumu Windows.

Baada ya kupata Live Lite (rafiki alinunua kibodi mpya ya muziki, nayo ilikuja na haki hiyohiyo; tayari alikuwa na programu yake, akanipa nafasi hiyo), mambo yakachangamka. Live Lite inakuruhusu treki 8 tu, yaani njia 8 za sauti, na kontrola ina safu wima 8, kwa hiyo kila treki ina safu yake. Kila kitufe ni klipu moja, kipande kifupi cha muziki: besi hapa, gitaa la benga pale, kayamba juu yake. Unabonyeza, klipu inasubiri mwanzo wa ba (fungu moja la mapigo) ndipo iingie, kwa hiyo hata kidole kikiwahi au kuchelewa kidogo, wimbo hauanguki. Inayocheza inapumua kijani, inayorekodi nyekundu. Vitufe vya pembeni kulia vinaanzisha mstari mzima kwa mpigo mmoja. Kwa kazi hii ya kupanga wimbo, kujaribu kiitikio na kurudi kwenye ubeti bila kusimama, sijaona kitu rahisi kuishinda. Inakula umeme wa USB, kwa hiyo stima ikipotea, na Kondele hupotea, naendelea hadi betri ya laptopu ikate.

Tahadhari moja kwa wanaotengeneza mambo ya huku kwetu: programu inafunguka ikiwa kwenye 4/4, mapigo manne kwa kila ba. Mdundo wangu wa isukuti nauhesabu 6/8, mapigo sita mafupi kwa ba, na kabla sijabadilisha hesabu hiyo klipu zilikuwa zinaingia mahali pa ajabu, nikadhani mimi ndiye sijui kuhesabu.

Kisha kuna kuchelewa kwa sauti. Siku za kwanza niligonga, na ngoma ikalia baada ya kidole kuondoka. Kontrola haina hatia hapo. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho laptopu hukikusanya kwanza ndipo ikitoe, ilikuwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024, ambazo kwa 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 23 za kungoja. Niliweka draiva ya ASIO, ile ya kupunguza kuchelewa kwa sauti kwenye Windows, nikashusha bafa hadi 256, ikawa kama milisekunde 6. Laptopu yangu ikishushwa zaidi ya hapo inaanza kukwaruza.

Sasa turudi kwa Mjomba na hodi yake. Launchpad Mini haipimi nguvu ya kidole. Ugonge taratibu ama kwa hasira, inapeleka kiwango kilekile. Nguvu hiyo wenyewe wanaiita velositi, na MIDI, lugha ya ujumbe unaokwenda kwa laptopu, ina nafasi ya viwango 127 vya kugonga, lakini chombo hiki kinatumia kimoja tu. Kwa mtu wa kuanzisha klipu hilo halimhusu kabisa. Kwa mtu aliyekulia penye isukuti, ambako mkono mmoja unanong'ona huku mwingine ukichapa, ni kilema. APC Mini ya kampuni ya Akai, kontrola ambayo watu wengi huilinganisha na hii, ina vitufe 64 na vitelezi 9 vya kupandisha na kushusha sauti, na vitelezi hivyo ni vitamu kweli, lakini vitufe vyake navyo havipimi nguvu. Launchpad X, ndugu ya Mini, inapima, na ukiendelea kukandamiza kitufe inahisi hilo pia. Niliazima ya rafiki wikendi moja, nikairudisha kwa shingo upande. Bei yake iko juu ya Mini kwa kiasi ambacho mwezi ule kilikuwa kodi yangu. Kuna pia MPD218 ya Akai, vitufe 16 vinene vinavyovumilia kipigo, ila havikuonyeshi rangi za klipu.

Kwa hiyo nikabaki na Mini na kuidanganya. Kwenye modi ya ngoma vitufe hugawanyika mafungu manne ya 16. Nilichukua fungu moja, nikaweka kila ngoma mara tatu, vitufe vitatu vinavyofuatana: pigo la taratibu, la kati, la nguvu. Si kupunguza sauti tu. Nilirudi kwenye rekodi za Disemba nikachagua mapigo ambayo Mjomba mwenyewe aliyapiga taratibu, maana ngozi ikiguswa kidogo hulia tofauti na ikichapwa. Ngoma tatu mara tatu, vitufe tisa, na saba vilivyobaki nikavipa njuga na pembe. Vidole vilichukua wiki mbili kuzoea.

Kama unanunua ya kwanza leo na kazi yako ni kupanga klipu, kucheza na vokali za kanisani au kuwa DJ, chukua Mini na usiumize kichwa. Kama unataka kupiga ngoma kwa vidole, kaa na kipanya chako miezi mingine mitatu na uweke akiba ya Launchpad X. Ningefanya hivyo kama mtu angeniambia.

Pasaka nilimpelekea Mjomba mdundo mpya. Safari hii alitikisa bega kabla hajasema neno. "Sasa ni mtu," akasema. "Lakini mkono wake wa kushoto ni mvivu." Nikarudi kuangalia nilivyorekodi. Mapigo yote ya mkono wa kushoto yalikuwa kwenye kitufe cha pigo la taratibu. Kile cha nguvu sikukigusa hata mara moja.