Ibada za mahujaji katika Ziwa la Pushkar: tathmini kwa wanaosafiri kutoka Mwanza

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya makuhani wa Kihindu wanaowaongoza mahujaji katika ibada za kando ya Ziwa la Pushkar, jimbo la Rajasthan nchini India. Ninawaandikia hasa Wahindu wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanaopanga safari hiyo, pamoja na majirani, wafanyakazi na marafiki wanaoombwa kuwasindikiza wazee, kama nilivyoombwa mimi ambaye si Mhindu. Ibada yenyewe huongozwa kwa ustadi na kwa heshima, na sina la kuitoa kasoro. Malipo yake ni habari nyingine, kwa sababu mgeni asiyejua ni hatua ipi ya ibada inayomfunga hujikuta ameahidi fedha ambazo hakukusudia kuzitoa.

Mzee niliyemsindikiza ni mzaliwa wa Mwanza, mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu, na babu yake alitoka Kathiawar, upande wa Gujarat. Majivu ya wazazi wake yalitoswa zamani katika Ziwa Victoria, na hilo kwake halikuwa na upungufu wowote. Ikumbukwe kwamba hata sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, kwenye chanzo cha mto Nile, mwaka 1948. Mzee alichokuwa akikidai moyoni ni pinda, yaani sadaka ya matonge ambayo mtoto huwatolea wazazi waliotangulia na wazee waliokuwa kabla yao, na ambayo kwa imani yao hupata uzito wa pekee ikitolewa mahali patakatifu. Msomaji wa Usukumani ataielewa haja hiyo bila maelezo marefu, maana nasi tunatambika.

Safari yenyewe haina mengi. Tulitoka Mwanza hadi Dar es Salaam, tukaenda Mumbai kwa ndege, kisha treni hadi Ajmer, na kutoka hapo gari likavuka kilima cha Nag Pahar kwa muda mfupi tu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe, hasa kwa anayeunganisha ndege Nairobi, Entebbe au Addis Ababa. Wasomaji Waislamu huenda wakapenda kujua kwamba Ajmer ndipo lilipo kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, walii wa Kisufi, hivyo kwenye treni ile wenye kanzu na wenye alama ya sandali kwenye paji la uso hubanana kiti kimoja bila neno.

Aliyezoea ziwa letu, ambalo ng'ambo yake haionekani, atashangaa kwamba Pushkar ni ziwa dogo ambalo mtu mwenye afya hulizunguka kwa miguu bila kuchoka. Limezungukwa na ghati 52, ambazo ni ngazi pana za mawe zinazoshuka hadi majini, na nyuma ya ngazi hizo kuna mahekalu mengi yaliyosongamana. Wahindu husimulia kwamba mungu Brahma aliangusha ua la yungiyungi, maji yakabubujika mahali petali zake zilipodondoka. Husimulia pia kwamba mkewe Savitri alipochelewa kufika kwenye kafara, Brahma alimwoa Gayatri ili shughuli isivunjike, na Savitri kwa hasira akamlaani asiabudiwe kwingine. Ndiyo sababu hekalu la Brahma la hapo, lenye mnara mwekundu, husifiwa kuliko mengine machache yaliyopo, na hekalu la Savitri limekaa peke yake juu ya kilima likilitazama ziwa kwa mbali. Kwa jinsi kisa kilivyokwenda, sioni kwamba alikosea kuhama.

Sasa nije kwenye huduma. Kuhani wa mahali pa kuhiji huitwa tirtha purohita, na kazi yake ni ya kurithi: kila nyumba ya makuhani ina wateja wake kwa vizazi, ikigawanywa kwa jimbo, kwa mji au kwa jamii. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya si kumchagua kuhani anayekuvutia, bali ni kuuliza ni nyumba ipi inayowahudumia watu wa mji wa asili ya ukoo wako. Kuhani wa kwanza tuliyemwuliza alimsikiliza Mzee akitaja kijiji cha babu yake, akasema wazi kwamba watu wa Saurashtra, yaani Kathiawar hiyo hiyo, si wake, akamtuma mtoto atuongoze kwa mwingine. Uungwana huo naupa alama kamili, maana angeweza kunyamaza na kutuhudumia.

Nyumba ya pili ilikuwa na bahi, daftari refu jembamba ambamo makuhani huandika majina ya mahujaji, wazazi wao, watoto wao na mahali walipotoka, kila familia inapofika. Utafutaji ulichukua muda mrefu, kwa sababu kuhani huanza na jamii, akaenda kwenye kijiji, ndipo afike kwenye ukoo, na mwandiko wa kale ulimsumbua hata yeye. Hatimaye alipata jina la ndugu wa babu yake Mzee, aliyebaki India wakati wengine wanapanda jahazi kuja Afrika Mashariki. Mzee aliomba kurasa zifunguliwe tena, akasoma mwenyewe kwa kidole, kisha akaanza kutaja majina ya kizazi cha Mwanza ili yaongezwe: dada zake, wanawe, wajukuu walioko Dar es Salaam na Uingereza. Hapa nina ushauri mmoja wa lazima. Andikeni majina kwenye karatasi nyumbani kabla ya safari, pamoja na miaka ya kuzaliwa na ya kufariki, na msimame juu ya kalamu inapoandika, maana Mwanza iliandikwa kwanza kwa herufi za Devanagari kwa namna ambayo ingesomeka Mavanza, na mjukuu atakayeitafuta baadaye angepotea. Kuhani alikata na kuandika upya bila kununa. Kazi ya bahi haikuwa na bei iliyotajwa. Mzee alitoa zawadi kwa hiari, nayo ikapokelewa hivyo.

Ibada ilifanyika alfajiri ya siku iliyofuata, na hapa ndipo penye jambo ambalo mtu anapaswa kulielewa kabla hajashuka ngazi. Kila ibada huanza kwa sankalpa, tamko la nia. Hujaji aliyekwisha kuoga hushika maji, chembe za mchele na ua katika kitanga cha mkono wa kulia, na kuhani hutamka kwa Kisanskriti mwezi na siku ya kalenda ya mwandamo, mahali walipo, jina la hujaji, gotra yake, yaani nasaba ya kale anayohesabiwa kwayo, na shabaha ya ibada. Hujaji hurudia kila neno, kisha huyamwaga maji. Mtu asiyeijua gotra yake huhesabiwa kuwa wa Kashyapa, kwa hiyo asikubali kutishwa kwamba ibada yake haitafaa. Maji yakishamwagwa, nia imekwisha kuwa nadhiri. Kuhani mwenye tamaa huchomeka ndani ya tamko hilo ahadi za sadaka, kama vile kulisha idadi fulani ya brahmani, watu wa tabaka la makuhani, au kutoa thamani ya ng'ombe, na hujaji anayefuatisha maneno asiyoyaelewa huahidi mbele ya mungu wake kabla ya kujua ameahidi nini. Akija kubishana baadaye, anabishana na nadhiri yake mwenyewe, na wazee wetu hawapendi kufika huko.

Kwa sababu hiyo dakshina, ambayo ni malipo ya heshima kwa kuhani, lazima ikubaliwe kabla ya maji kumiminwa mkononi, na ikubaliwe pamoja na vilivyomo ndani yake. Mzee, ambaye alipatana bei za vitambaa maisha yake yote, hakuhitaji kufundishwa. Aliketi, akauliza kiasi gani, vifaa ni vya nani, brahmani wangapi wa kulishwa, na kama kuna kitakachoombwa katikati. Nilipotaka kuchangia neno aliniwahi kwa Kiswahili: “Kijana wangu, hapa acha. Akikuona wewe ataongeza nauli ya ndege.” Walikubaliana rupia 2,101 kwa kila kitu, ambazo kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati wetu zilikuwa kama shilingi 63,000. Fedha hizi kwa desturi haziishii kwenye sifuri tupu; watu hutoa 51, 101, 501 na kuendelea, kwa hiyo ni vyema kuwa na noti ndogo na sarafu.

Baada ya hapo sikuona kasoro. Kuhani alimvisha Mzee pete ya majani ya kusha kwenye kidole cha pete, akamgeuza kuelekea kusini, upande wa waliokufa, na kuuhamishia uzi wake mtakatifu bega la kulia. Matonge yalikandwa kwa unga wa shayiri, ufuta mweusi, maziwa, asali na samli, moja la baba, moja la babu, moja la baba wa babu, kisha ya upande wa mama, na kila jina lilitajwa kikamilifu. Yalifuata maji ya tarpana, sadaka ya maji kwa wazee waliotangulia, yenye ufuta, yanayotiririshwa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Nilichokipenda zaidi ni kwamba kuhani hakuharakisha. Palikuwa na familia nyingine ikisubiri hatua chache kutoka tulipokuwa, na bado aliposahau Mzee jina la nyanya wa upande wa mama, alisubiri hadi akalikumbuka, ingawa kanuni inamruhusu kuendelea bila jina hilo.

Maji yenyewe siyasifu. Ziwa hili hupokea udongo unaoporomoka kutoka vilimani pamoja na uchafu wa mji, na mwaka 2009 lilikauka kiasi kwamba mahujaji wa msimu mkubwa walioga katika matangi yaliyojazwa kwa maji ya visima. Sasa lina maji, lakini kando ya ngazi huelea maua yaliyooza na mabaki ya sadaka. Ibada inadai hujaji anywe maji mara tatu kutoka kwenye kitanga cha mkono. Sisi tuliokulia kwenye ziwa lenye kichocho tuna hofu yetu, na Mzee aliyagusisha mdomoni tu, kuhani akaridhika. Ngazi ni za mawe yaliyolainishwa na miguu, zinateleza, na viatu huachwa mbali na maji. Desemba na Januari mawe hayo ni baridi mno kwa mguu uliozoea Mwanza. Soksi nene za kuvaa mara baada ya kuoga zitamfaa mzee kuliko dawa yoyote ya kifua.

Huduma isiyostahili hata alama moja ni ile ya wanaowavizia wageni. Jioni, nilipokuwa nikitembea peke yangu bila Mzee, kijana mmoja alinitia petali za waridi mkononi akisema ni za bure, nizitupe tu ziwani. Wanazijua kazi zao kama wapiga debe wa stendi ya Nyegezi. Ngazini alisubiri mtu mwingine aliyejiita kuhani, akaniuliza nina ndugu wangapi na kama wazazi wangu wako hai, akaanza kuniombea, kisha akataka fedha kwa kila jamaa niliyemtaja, akisema kwamba pungufu ya hapo baraka haitawafikia. Niliziweka petali kwenye ngazi, nikamshukuru na kuondoka. Sauti yake ilinifuata kidogo tu. Waliokubali hufungwa uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, na uzi huo huwaonyesha wenzake kwamba mtu huyo amekwisha kulipa, kwa hiyo wageni wengine huununua amani kwa njia hiyo. Mimi naona ni kulipia kero. Asiye Mhindu anaruhusiwa kukaa ghatini, kutazama na kunyamaza. Kupiga picha waogaji ndiko kunakokatazwa, na makatazo hayo ni ya haki.

Arati, yaani ibada ya taa ya jioni, yenye taa za samli, kengele na baragumu la kombe, haina kiingilio na inafaa kuhudhuriwa. Chakula cha mji mzima hakina nyama, mayai wala pombe. Wali na dengu ni vizuri, malpua, chapati za kukaanga zilizolowekwa kwenye shira, ni tamu kupita kiasi na mwenye kisukari aipite mbali.

Kuhusu wakati wa kwenda, siku tano zinazoishia kwenye mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu ulio kati ya Oktoba na Novemba, ndizo tukufu zaidi, lakini ndizo zenye msongamano, mnada wa ngamia na vyumba vya bei ya kupaa. Kipindi cha Pitru Paksha, takriban Septemba, kimetengwa kwa ajili ya wazee waliotangulia, na makuhani huwa na foleni. Aliye na mzee mwenye magoti mabovu achague siku ya kawaida ya mwezi mwandamo, afike jioni iliyotangulia, amalize habari ya bahi na ya dakshina usiku huo huo, na alfajiri ashuke ngazi akiwa na vijana wawili wa kumshika mzee, mmoja kila upande.