read au read-line kwa anayeanza Lisp

Tuseme unamwandikia muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, Moshi, programu ndogo ya Common Lisp: aingize jina la mteja, kisha idadi ya mikungu. Lugha hii ya programu ina amri mbili za kusoma anachoandika: read na read-line.

Kwenye idadi, read ni tamu. Akiandika 12 unapata namba kamili, tayari kuzidishwa na bei. Kwenye jina ndipo balaa: akiandika Mama Neema, read inachukua Mama tu, inaigeuza kuwa simboli MAMA (jina la ndani la Lisp, si maandishi), na Neema anabaki akisubiri kumezwa na swali la mikungu. Tena read ikikuta #. hutekeleza msimbo unaofuata palepale, isipokuwa umeweka kigezo *read-eval* kuwa nil (yaani “hapana” au “hakuna” kwa Lisp). Hilo si la kumwachia mtu usiyemjua.

read-line hurudisha mstari mzima kama maandishi. Namba utaitoa kwa parse-integer, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili. Ukiiongezea :junk-allowed t (ruhusa ya kupokea kisicho namba), akiandika neno “kumi” utapata nil bila kuangusha programu. Kazi inaongezeka kidogo, lakini mimi naichagua hii; read naiachia majaribio yangu mwenyewe.

Vyovyote vile, ita finish-output baada ya kuchapa swali, maana laweza kuchelewa kuonekana.