Yealink T46S katika ofisi ya uwakala wa forodha: simu ya mezani na mtandao unaoibeba

Kwa zaidi ya miaka minne, meza 14 za ofisi yetu ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam zimekuwa na simu za mezani za intaneti aina ya Yealink SIP-T46S, nami ndiye niliyezifunga na ndiye ninayeitwa kila sauti inapokatika. Wauzaji wengi huanza kuisifu simu hii kwa kioo chake cha rangi cha inchi 4.3. Mimi nitaanza na kebo, kwa sababu thamani ya simu ya namna hii hutegemea kwanza jinsi inavyosikilizana na swichi (kifaa kinachounganisha kebo zote za mtandao wa ofisi), ruta (kinachouunganisha mtandao huo na intaneti) na seva ya simu iliyo nyuma yake.

T46S hupokea umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, kwa utaratibu wa PoE wa kiwango cha 802.3af kilichotolewa mwaka 2003, ambao huiwezesha swichi kutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu na kukihakikishia kifaa kilicho mwisho wa kebo wati 12.95. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, jambo hili pekee lilitosha kunishawishi. UPS moja, yaani betri ya akiba, iliyo kwenye kabati la mtandao hulisha swichi, ruta na seva ya simu, na simu zote 14 huendelea kuita hata kama kompyuta zimezimika na jenereta bado haijawashwa, kiasi kwamba dereva anayesubiri getini bandarini hajui kuwa kwetu ni giza. Anayekusudia kutumia swichi isiyo na PoE aulize mapema kuhusu adapta, kwani kwa kawaida huuzwa peke yake.

Nyuma ya simu kuna matundu mawili ya mtandao, moja la kwenda kwenye swichi na jingine la kompyuta, na yote mawili hufikia kasi ya gigabiti moja. Sisi tunaoskani hati za mizigo kutwa nzima tunaona faida yake, kwa sababu kompyuta inayopitia simu ya bei nafuu yenye matundu ya megabiti 100 hulazimika kwenda kwa kasi hiyo hata kama swichi ni ya gigabiti. Kwa kuwa kebo moja hubeba sauti na data, ni lazima vitenganishwe. Simu hii huielewa LLDP, itifaki (lugha ya mawasiliano kati ya vifaa) ya kujitambulisha kwenye mtandao, hivyo swichi huitajia namba ya VLAN ya sauti, yaani mtandao uliotengwa ndani ya kebo ileile, mara tu inapochomekwa, nayo huhamia huko yenyewe na kuiacha kompyuta katika VLAN yake. Pakiti za sauti, yaani vipande vidogo ambavyo sauti hukatwa ili isafiri, huwekewa alama ya DSCP 46 ili zipewe kipaumbele, lakini alama hiyo haina kazi ikiwa swichi na ruta hazijaelekezwa kuiheshimu, na hapo ndipo mafundi wengi huishia njiani.

Sasa nifike kwenye itifaki ya SIP, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 2002. Kazi ya SIP ni kuitisha simu, kuijibu na kuikata. Sauti yenyewe husafiri kwa njia nyingine, kwa itifaki ya RTP na kupitia milango tofauti, yaani namba zinazotenganisha njia za mawasiliano kwenye mtandao. Anayeelewa utengano huo ataokoa siku nyingi za kazi. Katika wiki yetu ya kwanza mteja wa Lubumbashi alitusikia vizuri, nasi hatukusikia hata neno lake moja. Kosa halikuwa la simu. Ujumbe wa SIP hubeba ndani yake anwani ambayo sauti itumwe, na ruta tuliyopewa na mtoa huduma wa intaneti ilikuwa imewashiwa kipengele cha SIP ALG, ambacho hudai kuirekebisha anwani hiyo na mara nyingi huiharibu. Tulikizima, tukaijulisha seva yetu ya simu, inayoendeshwa kwa programu ya Asterisk, anwani yake ya nje, tukafungua milango ya RTP kuanzia 10000 hadi 20000 kwa mtoa huduma wa simu pekee, na tatizo halikurudi tena. Ningependa kila anayelalamika kwamba simu za intaneti hazifai aanze kwa kuikagua ruta yake.

Kuhusu kodeki, yaani mbinu za kuigeuza sauti kuwa data, T46S ina zote ambazo ofisi ya kawaida itazihitaji: G.711, G.722, G.729 na Opus. G.711 hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400, upana uleule wa simu za zamani, ilhali G.722 hufika hezi 7,000 kwa kasi ileile ya kilobiti 64 kwa sekunde. Tofauti husikika hasa mtu anapotaja herufi za namba ya kontena, kwani “s” na “f” hazichanganyiki tena. Kwa hiyo nimeweka G.722 iwe ya kwanza kwa simu za ndani. Kwa simu za nje hesabu hubadilika: G.711, ikijumlishwa na vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazotangulia kila pakiti), hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na G.729 takriban 31. Watu wote 14 wakizungumza kwa pamoja, ya kwanza itahitaji megabiti 1.2 na ya pili chini ya nusu megabiti. Aliye na laini nyembamba achague G.729 bila kuona haya. Aliye na intaneti ya nyuzi za kioo (fiber) hana sababu ya kuipunguza sauti.

Jambo moja dogo lilitusumbua zaidi ya lilivyostahili. Tulipopigia huduma za benki zinazomtaka mpigaji abonyeze 1 au 2, tarakimu zetu hazikufika, kwa sababu nilikuwa nimeiacha simu izitume kama mlio ndani ya sauti, na G.729 huubana mlio huo hadi usitambulike. Nilipochagua RFC 2833, ambayo hutuma tarakimu kama pakiti maalumu, kila kitu kilikaa sawa.

Kwa usalama, simu hii inaweza kuficha ujumbe wa SIP kwa TLS na sauti kwa SRTP, lakini lazima upande wa pili nao ukubali. Hatua ya kwanza, ambayo haina gharama, ni kubadilisha nenosiri la kiwandani na kutoiweka simu wazi kwenye intaneti, kwa sababu wapo wanaoutafuta mlango 5060 mchana na usiku ili wapige simu za kimataifa kwa gharama ya mwingine.

Kwa mtumiaji wa kila siku, kinachopendwa zaidi ni vitufe 10 vyenye taa vilivyo kando ya kioo. Kwa utaratibu wa BLF, ambao huwasha taa ya kila mwenzako aliye kwenye simu, dada wa mapokezi huona taa nyekundu akajua mhasibu yuko kwenye simu, asimhamishie mteja bure. Simu hupokea hadi akaunti 16 za SIP, idadi ambayo sisi hatujaikaribia.

Upungufu wake upo wazi. Haina Wi-Fi wala Bluetooth ndani yake. Vyote viwili huhitaji kifaa cha kuchomeka, na tundu la USB ni moja tu, kwa hiyo anayetaka Wi-Fi na hedifoni za Bluetooth kwa wakati mmoja hataweza. T46U iliyofuata ina matundu mawili ya USB, na T54W ina Wi-Fi na Bluetooth tayari. Ningefunga ofisi mpya leo, ningeweka T54W mapokezi na kwenye meza ambazo kebo haifiki, T46U kwa makarani, na T31P yenye akaunti mbili kwenye chumba cha walinzi, mahali ambapo hakuna kompyuta ya kupitishia kasi ya gigabiti.